Waya wa feni uliofungwa kwenye bodi

Mara ya kwanza gari letu, Celica, lilipochemka ilikuwa Boma Ng'ombe, barabara ya Arusha kwenda Moshi, saa nane mchana. Lori lilikuwa limekatika ekseli katikati ya lami, foleni haisogei, na mimi nimekaa ndani naangalia akina mama wakipitisha ndizi na mahindi madirishani. Tangu Sakina, Arusha, mpaka pale gari lilikuwa limekwenda vizuri kabisa. Nilipotupia jicho dashibodi, mshale wa joto ulikuwa umeshapita katikati na bado unapanda. Nikazima injini. Dakika moja baadaye mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, na kijana wa bodaboda akaja mbio na chupa ya maji, anataka kufungua kifuniko cha rejeta. Nikamshika mkono. Hilo nilikuwa nalijua: maji ya ndani yamebanwa na presha, yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuonekana yakichemka, na ukifungua kifuniko yanaruka usoni yote kwa pamoja.

Mengine kuhusu joto la gari lile nilijifunza kwa miezi saba, kwa gharama ya gasketi moja ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye gari la zamani la michezo ambaye fundi amemwambia "sensa imekufa" na yeye akatoa hela bila kuuliza: sensa ipi?

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya 1991, ile yenye taa za kuchomoza, injini 3S-GE ya lita 2. Ni la marehemu kaka yangu. Aliliagiza mtumba kutoka Japani, akaenda mwenyewe Dar es Salaam kulipokea bandarini, akalileta Arusha usiku kucha bila kulala njiani. Alikuwa anakuhesabia kwa vidole Safari Rally ambazo Celica ilishinda: Waldegård 1990, Sainz 1992, Kankkunen 1993, na 1994 Ian Duncan, Mkenya, mtu wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Gari letu halina tabo kama yale ya mashindano, na linavuta kwa magurudumu ya mbele tu, lakini kwake lilikuwa ni ukoo mmoja. Alipofariki, wifi alinikabidhi funguo akasema, "Litunze mpaka mtoto afikie umri." Kwa hiyo kuliuza kwa sababu linachemka halikuwa jambo la kufikiria.

Baada ya Boma Ng'ombe nilimpelekea fundi mmoja Arusha. Aliangalia juu ya injini, akaona soketi ya kijani imechomekwa pembeni mwa silinda hedi, akasema, "Dada, hii ndiyo sensa ya feni, imekufa." Akabadilisha. Karibu yake kulikuwa na kingine chenye waya mmoja, nacho akakibadilisha kwa kuwa alipata cha gari jingine kwa bei nzuri. Kisha akaingia chini mbele, akachomoa soketi iliyoko chini ya rejeta, akakata waya wake akaufunga kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. "Feni nimeiunga dairekti. Itazunguka muda wote, hutachemsha tena."

Akawasha gari, akawasha na AC ili nione inapuliza baridi. Feni zikazunguka. Wote wawili tukaziangalia zikizunguka, tukaridhika, nikalipa nikaondoka.

Nimerudia siku ile kichwani mara nyingi, kwa sababu yule fundi hakuniibia. Aliamini alichokisema. Na mimi niliona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba tuliangalia feni huku AC imewashwa, na AC ina njia yake ya kuziamuru feni. Haingoji swichi ya joto. Wiki sita nilikwenda kazini na AC imewashwa, mshale umetulia, hata chini ya katikati. Nikamwambia wifi gari limepona.

Kisha ikaja Desemba. Aliyewahi kutoka Arusha kwenda Moshi kwenye tarehe 22 au 23 anajua hali: Wachaga wote wa Dar, Mwanza na Nairobi wako barabarani wanarudi kula Krismasi, na kuanzia Kwa Sadala magari yanatambaa. Ilikuwa jioni, mvua imenyesha, hewa ya baridi, nikazima AC nikafungua kioo. Dakika ishirini hivi za kutambaa, nikasikia harufu tamu, ile ya kulanti, dawa ya kupoza injini, ikiwa ya moto. Nikaangalia geji. Mshale uko katikati. Nikajipa moyo kwamba ni gari la mbele yangu. Mpaka injini ilipoanza kugonga na nguvu kupotea, mshale ulikuwa bado uko katikati, haujatikisika.

Gasketi ilikuwa imeungua. Gari likavutwa kwa kamba mpaka Moshi. Hedi ilipelekwa kusagwa, wiki mbili zikapita, sitaki kuzirefusha hapa. Ninachotaka kusimulia ni kilichofuata, binamu yangu aliponiambia, "Kabla hujaliwasha tena, mpelekee yule mzee wa umeme kule Pasua."

Mzee huyu anafanya kazi chini ya mwembe, nje ya nyumba yake. Nilimsalimia, "Shikamoo meku," yaani mzee kwa Kichaga. Akaitikia, akaniuliza gari lina nini. Nikamwambia sensa ya joto ilikufa, ikabadilishwa, bado likachemka.

"Sensa ipi, mwanangu?"

Nikasema ya joto.

"Gari hili lina macho ya joto zaidi ya moja. Njoo uyaguse."

Akanishika mkono, akaweka kidole changu kwenye soketi ya kijani yenye pini mbili. Hili, akasema, linazungumza na kontrol boksi, kompyuta ya injini. Linaiambia injini ni ya baridi au ya moto ili boksi lijue limwage petroli kiasi gani. Halihusiani na mshale wa dashibodi, na kwenye Celica hii halihusiani na feni. Akasogeza kidole changu kwenye kile cha waya mmoja. Hiki ni cha geji peke yake. Bodi ya gari ndiyo waya wake wa pili. Kikifa au kikiwa si chenyewe, mshale utakudanganya, lakini injini haitajua na feni haitajua. Kisha akanichuchumalisha mbele, akanionyesha chini ya rejeta. Pale ndipo penye swichi ya feni. Hiyo haipimi chochote kwa maana ya kutoa hesabu. Ni swichi tu kama ya taa ya sebuleni, ila kinachoibonyeza ni moto wa maji. Akaongeza kwamba Toyota nyingi za zama hizo zenye injekta ya kuwashia asubuhi zina na kingine cha nne, swichi ya muda ya hiyo injekta, pini mbili nayo, na watu huichanganya na ile ya kijani.

Akatafuta waya uliokatwa. Ulikuwa umebanwa chini ya bolti ya mhimili wa rejeta, umezungushiwa utepe mweusi. Aliniambia nifungue swichi ya gari bila kuwasha injini, AC imezimwa. Injini ilikuwa baridi kama jiwe, haijawashwa tangu Desemba. Akachukua spana namba 10, akalegeza ile bolti taratibu. Ncha ya waya ilipoachana na chuma, kikasikika kidude kinagonga ndani ya boksi la rilei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, *tik*, na feni ikaanza kuzunguka. Majani makavu ya mwembe yaliyokuwa yamejaa mbele ya rejeta yakavutwa na kushikamana na matundu yake. Akaugusisha waya kwenye chuma tena: *tik*, feni ikapunguza, ikasimama. Akautoa: ikazunguka. Akarudia mara tatu, ananitazama mimi, haitazami feni.

Nilikuwa nimeendesha wiki zote zile na waya ambao ulikuwa unaizuia feni isizunguke.

Hapa ndipo penye siri ya Toyota hizi, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Mtu yeyote angedhani swichi ya feni inafanya kazi kama swichi ya taa: maji yakipata moto inaunganisha, feni inazunguka. Kwenye gari hili ni kinyume. Maji yakiwa baridi, swichi imeunganisha waya na bodi. Umeme unapita kwenye koili ya rilei, na rilei inavutwa na kuikatia feni njia. Maji yakifika moto, swichi inaachia, koili inakosa umeme, rilei inarudi ilipozoea kukaa, na pale ilipozoea kukaa ndipo feni inapopata umeme. Kwa lugha nyingine, feni ndiyo hali ya kawaida, na swichi kazi yake ni kuisimamisha wakati haihitajiki.

Niliuliza kwa nini waliligeuza hivyo. Mzee alijibu kwa kuuchukua ule waya na kujifanya anaukata kwa koleo. Panya akiutafuna, soketi ikilegea, kutu ikila pini, feni itazunguka bila kusimama. Utapoteza betri kidogo na utasikia kelele, ila injini haitaungua. Waliotengeneza walichagua ubaya ulio mdogo. Aliyeufunga waya kwenye bodi aliubatilisha huo ulinzi bila kujua, kwa kuwa alikuwa amezoea magari mengine.

Na magari mengine ni kweli yako tofauti. Jirani yangu Njiro ana Mazda Eunos Roadster ya mwanzo, injini ya 1.6. Swichi yake ya feni haiko chini ya rejeta. Iko mbele ya injini penye nyumba ya themostati, ile vali inayofungulia maji njia yakipata moto, ina waya mmoja, na inaunganisha maji yakikaribia nyuzi 97. Ukichomoa soketi yake, moto wa maji hauwezi kuizungusha feni. Ukigusisha waya wake kwenye bodi, inazunguka. Jicho la kontrol boksi na la geji yote mawili yako nyuma ya hedi, karibu na ukuta wa kabini, mahali pa kuchubua mikono. Kwa hiyo ule ufundi wa "kuunga dairekti" kwa kufunga waya kwenye bodi, kwa Roadster ungefaa. Kwa Celica umeniunguzia gasketi. Kitendo ni kile kile.

Turudi Pasua. Mzee aliifungua swichi yenyewe kutoka kwenye rejeta, maji yakamwagika kwenye beseni, akaniita jikoni. Mke wake anauza maziwa, wana kipimajoto kirefu cha kioo cha maziwa. Akaweka sufuria ya maji jikoni, akaining'iniza swichi kwa waya ncha yake ikiwa majini bila kugusa chini ya sufuria, akafunga mita yake upande mmoja kwenye pini na mwingine kwenye chuma cha swichi. Mita ikawa inalia: imeunganisha. Sawa, ni ya baridi. Mwongozo wa Toyota unasema chini ya nyuzi 83 iwe imeunganisha, juu ya nyuzi 93 iwe imeachia. Tukasubiri. 85. 90. 93. Mita inalia. 95. Maji yakachemka kabisa, kipimajoto kikasimama karibu na 97, na mita bado inalia.

Hapo ndipo chanzo cha yote kilipoonekana. Swichi ilikuwa imeganda kwenye hali ya baridi. Boma Ng'ombe ilikuwa haki yake feni kutozunguka. Kidude kilichoning'inia kwenye ule waya kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba, na ncha yake ya shaba ilikuwa imefunikwa na gamba jeupe gumu. Mzee alilikwangua kwa kisu, halikutoka lote. Miaka ya kujaziwa maji ya bomba. Tangu siku ile naweka kulanti iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na asidi, na sijazi maji ya bomba hata kama rejeta imepungua kikombe kimoja.

Alikuwa na jambo jingine. Karibu na betri kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko, cha uchunguzi. Akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa: mara mbili, ikapumzika, mara mbili. 22. Hiyo kwa Toyota za wakati ule ni sakiti ya jicho la maji, lile la kijani. Gari lisilo na kosa taa yake hupepesa mfululizo bila kupumzika. Soketi ya kijani ilikuwa imevunjika kipini cha kuishikilia wakati wa kubadilishwa, ikawa inakaa na kuachia. Sensa ya zamani aliyoitoa yule fundi ilikuwa bado imo ndani ya gari, imefungwa kwenye gazeti. Mzee akaipima kwa mita: asubuhi ile ya ubaridi ilisoma zaidi kidogo ya ohmu 2,000, na ndani ya maji ya nyuzi 80 ikashuka mpaka ohmu mia tatu na kitu. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa iwe kati ya 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Ilikuwa nzima. Tuliirudisha.

Kile cha geji ndicho kilichoniuma zaidi. Kilichowekwa kilikuwa cha gari jingine, nyuzi zake za kufungia zinaingia, lakini upinzani wake haulingani na geji ya Celica. Ndiyo maana mshale ulitulia katikati huku hedi inaungua. Ningekuwa sina geji kabisa, ningesimama niliposikia ile harufu. Mshale ule ndio ulionifanya niendelee kwenda.

Nilirudi Arusha kutafuta swichi mpya. Duka la kwanza la spea kijana alinipa moja, akasema, "Sista, za Toyota zote ni moja." Nikaifunga mkobani na kuipeleka nyumbani kwanza. Mita haikulia ikiwa baridi. Haikuwa mbovu, ila ni ya ule mfumo mwingine, wa kuunganisha ikipata moto. Ningeifunga, feni ingezunguka injini ikiwa baridi na kusimama injini ikichemka. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa ya aina ile ile. Ya tatu nikaipata kwa kuja na ile ya zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye karatasi. Kwa macho zote tatu zilifanana, rangi tu ya plastiki ndiyo tofauti.

Kuipima ile ya tatu jikoni kwangu kulinitia wasiwasi. Maji yalianza kuchemka kwa nguvu na kipimajoto hakitaki kupita 95. Nikadhani kipimajoto kibovu. Kumbe Arusha tuko juu, karibu mita 1,400, na maji kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi iko chini zaidi, ndiyo maana kwa mzee yalifika karibu 97. Kwa swichi inayoachia kufikia 93, nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa nyuzi mbili. Nikapunguza moto, nikasogeza uso karibu. Kwenye 91 mita ikanyamaza. Nikalizima jiko, maji yakapoa polepole, na kwenye 84 ikalia tena. Nilifanya hivyo mara nne. Mtu wa Arusha mwenye swichi ya kuachia kwenye nyuzi 97 au zaidi hataweza kuipima kwa sufuria ya maji peke yake, na asiilaumu swichi. Ni hiyo hiyo sababu kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha kina maana kubwa zaidi huku kwetu: bila presha, maji yanachemka mapema kuliko Tanga au Dar.

Fundi wa zamani zaidi alikuwa pia ameshaitoa themostati, kama wengi wanavyofanya gari likichemka. Niliirudisha, inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Tangu hapo asubuhi za Julai injini inapata joto lake kwa dakika chache, na petroli inakwenda mbali zaidi.

Kwenye kila waya nimezungushia plasta nyeupe ya hospitali na kuandika kwa kalamu isiyofutika: BOKSI, GEJI, FENI. Kwenye ile ya FENI nimeongeza, "usifunge kwenye bodi".

Mwezi uliopita mtoto wa kaka alikuja likizo. Yuko kidato cha tatu, mrefu kama baba yake. Nilimfungulia boneti, nikafungua swichi ya gari, injini baridi, nikamwambia achomoe soketi iliyoko chini ya rejeta, na nikamuuliza anadhani feni itafanyaje. Akasema haitazunguka, shangazi, si umekata umeme? Akachomoa. Upepo ukampiga kifuani, akaruka nyuma. Akairudisha, ikasimama. Akachomoa tena, akakaa amechuchumaa pale pale, soketi mkononi, anaiunganisha na kuiachanisha, mpaka nikamwambia aache, betri itaisha.